Kamera Isiyo na Mwili

Saa nne kasorobo asubuhi Miwani alisimama mbele ya tume ya uchunguzi, akaapa kusema kweli tupu, kisha akawaonyesha video ya sekunde kumi na moja iliyotosha kumpeleka mama wa watu jela.

Wala hakuwa na nia mbaya, maskini wa Mungu. Alichokijua saa ile ni kwamba rimoti inamteleza mkononi kwa jasho. Walikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni ya mabasi, ghorofa ya pili: viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, meza ndefu ambayo nyuma yake walikaa wajumbe watatu, na dirisha pana linalotazama karakana ileile ambako fundi wa matairi aligongwa na basi siku ishirini na sita zilizopita, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika getini.

Dereva wa basi hilo alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Alikuwa mama wa makamo mwenye miaka ishirini na miwili kwenye usukani, na abiria walimwita Bi Taratibu kwa sababu ukipanda gari lake ujue umeshachelewa kazini. Kampuni ilikuwa imemsimamisha kazi, lakini alikuja na sare yake, imepigwa pasi mpaka kwenye mfuko. Swali la tume lilikuwa moja tu: alimwona yule fundi, au hakumwona? Kama alimwona akaendelea kukanyaga mafuta, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka jioni hiyohiyo.

Nyuma yake, safu ya pili, alikaa mjane wa marehemu, na macho yake hayakubanduka kwenye kisogo cha Bi Taratibu.

Jina la Miwani alipewa na wenzake wa ofisini, kwa vioo vizito alivyovaa tangu darasa la pili. Kazi yake ilikuwa kujenga mahali ndani ya kompyuta. Ukuta ukianguka, gari likigonga mtu, wakubwa wakitaka kujua mambo yalikwendaje, yeye huletewa vipimo na picha, akajenga uwanja, magari na watu, halafu akaweka kamera. Kamera hiyo huwezi kuishika. Haina kioo cha kufuta wala betri ya kuchaji. Ni alama tu ndani ya hesabu: unaiambia ikae wapi na itazame wapi, nayo inatii bila kuuliza swali. Ukitaka ipite ukutani, inapita. Ukitaka ikae ndani ya kichwa cha mtu, inakaa, na mwenye kichwa hasikii hata mwasho.

Kaka yake, mpiga picha wa kamera za kubeba begani, hakuchoka kumtania kwa hilo. "Yangu mimi lazima itafutiwe pa kukaa," alikuwa akisema. "Nikitaka sura ya bibi harusi, namwomba shangazi ajisogeze, na shangazi akinuna, picha sipati. Ya kwako haina adabu, inapita katikati ya shangazi." Miwani alicheka na kumjibu kwamba wivu haumfai mtu mzima. Na ni kaka huyohuyo ambaye Miwani alimwomba akapige picha za ndani ya basi lile, ili apate vipimo vya kujengea.

Basi, akabonyeza rimoti.

"Kwanza tunatazama kwa juu," alisema. Kwenye ukuta mweupe karakana ilionekana kama anavyoiona mtu aliyekaa juu ya paa. Basi lilitoka kwenye maegesho yake likaanza kukata kulia, mwendo wa mtu anayetembea. Upande wa kulia alitokea mtu wa rangi ya chungwa, ameinama, anasukuma tairi. Njia zao zikakutana.

"Na sasa," alisema Miwani, "hivi ndivyo dereva alivyoona."

Kamera ikaingia kwenye kichwa cha Bi Taratibu. Mtu wa rangi ya chungwa alionekana tangu hatua ya kwanza. Alionekana wazi, katikati ya kioo, sekunde moja, mbili, tatu, nne, akikua na kukua, mgongo wake umeinama juu ya tairi, mpaka akajaa ukuta mzima. Kisha video ikasimama.

Mjane akatoa sauti, wala haikuwa kilio, ilikuwa pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni.

"Alimwona," alisema. "Jamani, alimwona. Alimtazama mume wangu sekunde nne nzima, akamfuata!"

Bi Taratibu alisimama polepole. Hakugeuka nyuma. Alikuwa anatazama ukutani, amekunja uso, anatafuta kitu.

"Mheshimiwa," alimwambia Mwenyekiti wa tume, "naomba kuuliza. Nguzo yangu iko wapi?"

"Nguzo gani, mama?"

"Nguzo ya kona, inayoshika kioo cha mbele. Na kioo cha pembeni kilichofungwa pale. Miaka yote hii mimi ni kuchungulia huku na huku kama kuku. Siku ile nilichungulia kabla sijaondoa gari, hapakuwa na mtu. Sasa hilo basi hapo ukutani limefunguka upande mzima. Hilo si langu."

Watu wawili watatu walicheka. Afisa usalama wa kampuni, aliyekaa karibu na dirisha na kalamu mbili mfukoni, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Mwenyekiti, mzee mstaafu mwenye goti bovu ambalo alikuwa akilikanda chini ya meza tangu asubuhi, akampungia dereva mkono akae. Alitangaza mapumziko ya dakika kumi na tano. Wakirudi, alisema, tume itasoma uamuzi wake.

Miwani alichukua laptopu yake akatoka nayo mpaka mwisho wa korido, akaiweka juu ya ukingo wa dirisha. Alikuwa na hasira kidogo. Nguzo aliijenga kwa mikono yake, usiku na mchana, akaipima mpaka milimita, halafu mtu anamwambia mbele ya watu haipo! Alifungua kazi yake, akaiweka kamera nje ya basi. Nguzo hiyo hapo, nyeusi, nene, na kioo cha pembeni kimening'inia kama sikio. Akavuta pumzi. Kisha akaiingiza kamera kwenye kichwa cha dereva.

Nguzo ikatoweka.

Akatoka nje: ipo. Akaingia ndani: haipo. Sasa alijua, na alijua kwa sababu kosa hilo hakuna mtu mwingine angeweza kulifanya isipokuwa mtu wa kazi yake.

Kamera ya kushika huona chochote kilicho mbele yake. Ukiweka kidole karibu na kioo chake, itaona kidole, hata kama ni kwa ukungu. Kamera ya kwenye kompyuta huambiwa kwanza ianze kuona umbali gani. Kuna namba ya hilo, ndogo, imejificha pembeni ya skrini. Mafundi huiita mpaka wa karibu. Kilicho ndani ya mpaka huo hakichorwi kabisa, kinarukwa kana kwamba hakijawahi kuwepo. Mwanzoni namba hiyo ilikuwa sentimita mbili. Siku chache zilizopita kuta za mbali za karakana zilikuwa zinamemetameta vibaya kwenye video, na dawa yake kila fundi anaijua: usogeze mpaka huo mbele kidogo. Aliusogeza hadi mita moja. Kuta zikatulia. Akaridhika, akanywa chai yake, akaendelea na mengine.

Kutoka kwenye jicho la Bi Taratibu mpaka kwenye nguzo ni sentimita sabini.

Alirudisha namba kwenye sentimita mbili, akacheza video upya. Nguzo ikajaa skrini, na kioo cha pembeni kikakaa ubavuni mwake, na mtu wa rangi ya chungwa hakuonekana. Basi lilikuwa linageuka, fundi alikuwa anatembea, na jinsi miendo hiyo ilivyokwenda pamoja, nguzo ilimfunika mwanzo mpaka mwisho. Ukingo wa tairi ulichomoza mara moja, kufumba na kufumbua, ukapotea.

Akampigia kaka yake.

"Ulipokaa kwenye kiti cha dereva siku ile," alisema bila salamu, "uliona nini?"

"Niliona nini? Niliona nguzo! Nilikupigia nikakwambia, nguzo inaniharibia picha, kila nikielekeza kulia naipata yenyewe. Nimejibana pale mpaka kamera inanigusa pua. Ukaniambia nizitupe hizo, nikuletee zilizo safi."

"Ulizitupa?"

"Dada, wewe ndiye uliyeniagiza." Kisha akasikia dada yake anavyopumua. "Kuna nini?"

Miwani alikata simu. Alipogeuka, Meneja wake alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama skrini. Meneja alikuwa mtu wa kunong'ona, na alipokasirika alinong'ona zaidi.

"Funga kitu hicho."

"Bosi, tumekosea. Mimi nimekosea. Nguzo ilirukwa."

"Nimeona. Funga. Tutaandika barua ya marekebisho wiki ijayo, kwa utaratibu."

"Wiki ijayo atakuwa ndani!"

"Sikiliza, mdogo wangu." Meneja alisogea karibu mpaka Miwani akasikia harufu ya kahawa. "Waliotuita hapa ni kampuni ya mabasi. Kile kioo cha pembeni ni wao waliokifunga, kikubwa kuliko cha zamani. Unaelewa unachotaka kufanya? Na umeapa. Umeapa kwamba hivyo ndivyo alivyoona. Ukigeuka sasa, wewe ndiye utakayeonekana mwongo, na ofisi yetu haitaitwa tena popote. Watu kumi na mmoja wanakula pale."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Miwani. Hakuwa mtu mbaya, Meneja. Alimsaidia sana mama yake Miwani alipolazwa. Miwani alitazama chini. Kupitia mlango wa chumba cha mikutano uliokuwa wazi aliweza kumwona Bi Taratibu, hajatoka hata kunywa maji, amekaa palepale, anasogeza kichwa chake kushoto na kulia taratibu, peke yake, kama anayejaribu kukumbuka nguzo ilikuwa wapi. Mtu aliyekiona kitu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameanza kujitilia shaka kwa sababu ya sekunde kumi na moja za Miwani.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Waliporudi, Mwenyekiti alishika karatasi, akavaa miwani yake, akafungua mdomo. Miwani akasimama. Alijikaza kisabuni.

"Mheshimiwa, nilichosema asubuhi si kweli."

Meneja aliinamisha kichwa. Afisa usalama aliacha kuchezea kalamu. Miwani akaeleza, kwanza kwa maneno ya kazini ambayo hayakueleweka, halafu kwa mengine. Alisema kamera yake haina mwili, kwa hiyo haibanwi na kitu, na yeye aliiambia isione chochote kilicho karibu kuliko mita moja, na nguzo ilikuwa karibu kuliko mita moja. Akaonyesha video ya pili. Ukuta ukajaa weusi wa nguzo. Bi Taratibu akaweka mkono kinywani.

"Mheshimiwa, napinga!" Afisa usalama alikuwa ameshasimama. "Asubuhi namba hii, saa hizi namba ile. Mchana atatuletea ya tatu? Huyu binti anaweza kutuonyesha chochote anachotaka. Pengine amehongwa, tunajuaje?"

Mwenyekiti alivua miwani. Alimtazama Miwani, na hakukuwa na huruma kwenye macho yale, wala chuki.

"Binti, uliapa asubuhi."

"Niliapa, Mheshimiwa."

"Na video zote mbili umetengeneza wewe, kwa mashine hiyohiyo. Mimi mzee nitajuaje ipi ndiyo?"

Miwani alitazama laptopu yake, kazi ya wiki tatu, kila tairi na kila ufa wa sakafu umo. Kisha akatazama dirishani.

"Kwa hii hutajua, Mheshimiwa," alisema. "Lakini basi lenyewe liko hapo chini."

Wakashuka. Basi lilikuwa limerudishwa kwenye maegesho yake na kufungwa utepe wa polisi. Askari wa zamu akaufungua kwa amri ya Mwenyekiti. Jua lilikuwa kali, sakafu ya saruji inanuka mafuta. Mafundi waliacha spana zao wakasogea. Miwani aliomba tairi moja. Alieleza kwamba basi likiwa limesimama, itambidi yeye abebe mwendo wa wote wawili, wa gari na wa marehemu, na ukiijumlisha miendo hiyo inakuwa mstari mmoja tu: kutoka pale kwenye pipa la maji, moja kwa moja mpaka kwenye kona ya basi. Ataufuata mstari huo ameinama, akisukuma tairi, kama alivyokuwa fundi. Mtu akae kwenye kiti cha dereva atazame.

Mwenyekiti alishika bomba la mlangoni, akajaribu kuinua mguu, goti likamkatalia. Afisa usalama akasema atapanda yeye.

"Wewe hapana," alisema Mwenyekiti.

"Nipande mimi," alisema mjane.

Alikuwa amekuja nyuma ya wote, kitenge kimefungwa kiunoni, macho mekundu. Bi Taratibu, aliyesimama kando na yule askari wa zamu, alitazama chini.

"Nyie mna video zenu," mjane alisema. "Mara hivi, mara vile. Huyo binti asubuhi amenionyesha mume wangu anakufa, sasa ananiambia sikuona nilichokiona. Nipande nitazame mwenyewe. Nikimwona, nitasema nimemwona, na msinizuie."

"Panda, mwanangu," alisema Mwenyekiti.

Alipanda. Walimsikia anajiweka kwenye kiti, kiti kikalia. Miwani alikwenda mpaka kwenye pipa la maji, hatua ishirini kutoka basini. Alilisimamisha tairi, akaliinamia, na mikono yake ikagusa mpira wenye joto. Mahali hapa alikuwa amepajenga yeye, anapajua kwa vipimo, na bado ilikuwa mara ya kwanza kupakanyaga. Kwenye kompyuta hakukuwa na uzito wa tairi, wala mgongo unaouma, wala sakafu iliyooshwa kwa maji na bado ikabaki na doa. Kama amehesabu vibaya tena, kama mjane atamwona kwenye kona moja tu ya kioo, Bi Taratibu amekwisha, na safari hii hakuna namba ya kubadilisha.

Akaanza kusukuma.

Hakuinua kichwa. Alisikia tairi likisaga mchanga mdogo juu ya saruji. Hatua ya tano. Ya tisa. Kivuli cha basi kilimfikia. Alijua kwamba yuko mahali ambapo asubuhi video yake ilionyesha mtu wazi kabisa, katikati ya kioo. Alisubiri sauti kutoka juu. Hatua ya kumi na nne. Mmoja wa mafundi, aliyefanya kazi na marehemu, alikuwa ameziba uso kwa kofia.

Ya kumi na tisa. Tairi likagusa bampa, likasimama. Miwani naye akasimama, ameinama bado, paji lake la uso likiwa hatua moja tu kutoka kwenye taa ya basi.

Juu yake, kwenye dirisha la dereva, mjane alikuwa bado anatazama mbali, upande wa pipa la maji lililofichwa na nguzo.

"Haya, mdogo wangu, anza," alisema. "Mbona huanzi?"

Mwenyekiti alifumba macho. Miwani alinyoosha mkono na kugonga bati la basi kwa kiganja, mara mbili.

"Nimefika, dada," alisema. "Nipo hapa."

Mjane aliinama juu ya usukani, akatazama chini, akamwona. Kisha akarudi nyuma kwenye kiti na kuweka mikono yote miwili kwenye usukani, na kutoka pale chini Miwani hakuweza tena kumwona. Aliona nguzo tu. Alimsikia analia. Alilia kwa sauti, bila haya, kama ambavyo hakulia siku zote zile alizokuwa akimchukia mtu.

Afisa usalama alianza kusema jambo. Mwenyekiti alimwinulia kidole kumzuia.

Kilio kilipopungua, sauti ya mjane ilitoka dirishani, imepauka, imechoka.

"Bi Taratibu."

Dereva alishtuka. Alimtazama askari, askari akamwachia njia.

"Abee."

"Miguu haina nguvu," alisema mjane. "Njoo unishushe."

Bi Taratibu alipanda ngazi za basi lake, moja baada ya nyingine, akamshika mkono.